Nguzo ya Katikati

Rafu ya vitabu ya marehemu baba haikuwa na msumari hata mmoja. Ilikuwa nguzo nne nyembamba za mbao ya mjozi, mti wa Ulaya wenye kiini cha rangi ya kahawa, na kila nguzo ilikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa mstari mmoja toka chini hadi juu. Pini za shaba zilipenya kwenye matundu hayo na kutokeza pande zote mbili, na juu ya pini ndipo zilipolala mbao za kupangia vitabu. Chini, kila nguzo ilikuwa na mguu wa chuma. Juu ilikuwa na mguu mwingine wenye skurubu ndefu. Ukiizungusha skurubu, nguzo inajibana kati ya sakafu na dari, inasimama wima na haigusi ukuta. Ukiilegeza, inakuja mkononi. Nafasi iliyo kati ya nguzo na nguzo tuliita chumba, kwa hiyo nguzo nne zilitupa vyumba vitatu. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana habari yangu yote imesimama juu yake.

Baba alikuwa karani wa masjala katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyoanza rasmi tarehe 1 Desemba 1967 na kuweka makao yake makuu Arusha. Mji mdogo wa wakulima wa kahawa na wafanyabiashara ukajikuta na majirani waliotoka Kisumu, Masaka na Mombasa. Katika nyumba za ghorofa tulizopangiwa, sisi watoto tulicheza rede kwa Kiswahili cha namna tatu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Mambo makubwa yalikuwa yamegawiwa kwa miji: reli na ndege zilisimamiwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Barua za huko kote zilipita masjala, na baba alijua mwandiko wa maofisa ambao hakuwahi kuwaona sura.

Mpaka wa Namanga, kati ya Tanzania na Kenya, ulifungwa Februari 1977. Kufika katikati ya mwaka huo Jumuiya ilikuwa imekwisha. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kenya aliyefanya kazi idara ya fedha, alikuwa anafungasha. Rafu ile ilikuwa yake. Aliinunua Nairobi kwa mhandisi Mwitaliano aliyekuwa anarejea kwao. Nilikuwapo sebuleni, mtoto wa miaka minane, nimeshika mkia wa gauni la mama.

“Karani,” alimwambia baba, “kabati la mninga naliacha hapa hapa. Liliundiwa humu chumbani, halipiti mlangoni. Hii ichukue wewe. Siku ukihama utaibeba begani.”

“Na wewe je, mzee wangu, vitabu vyako utaviweka wapi?”

“Vitabu navyo chukua.”

Baba alimlipa alichokuwa nacho, na mama akaongeza ndizi za safarini. Ndivyo tulivyopata rafu, pamoja na vitabu vya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ambavyo sasa ni vigumu kuvipata, kikiwamo kimoja ambacho mama alikisogeza juu kabisa, mbali na sisi: *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, toleo la 1971. Jirani yake kwenye ubao ule ule alikuwa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kitabu hicho kilikuja na rafu, kwa kuwa vyote viwili vilihusu Italia.

Nilipokwisha kuwa mwalimu wa historia ndipo nilipokutana na ukoo wa rafu yetu, katika kitabu cha picha za usanifu. Mbunifu aliyeifanya namna hiyo ya rafu ijulikane zaidi ni Franco Albini wa Milano, aliyezaliwa mwaka 1905. Mwaka 1940 alijiundia nyumbani kwake rafu ya mbao, kioo na nyaya zilizovutwa kama kamba za jahazi, kitu cha kutazamwa zaidi kuliko kutumiwa. Iliyotumika ni ile aliyoibuni mwaka 1956 na 1957, ikaitwa LB7, ikatengenezwa na karakana ya familia ya Poggi katika mji wa Pavia: nguzo zinazojibana kati ya sakafu na dari, mbao unazopandisha na kushusha utakavyo, na chumba unachokiongeza siku vitabu vikizidi. Haikuwa samani ya maskini. Mbao zake zilikuwa za thamani na ufundi wake wa subira. Lakini fikra yake ilitoka mahali ninapopafahamu. Milano ilipigwa mabomu vibaya mwaka 1943. Baada ya vita serikali ya Italia ilijenga, kati ya 1949 na 1963, nyumba zaidi ya 300,000 kwa mpango wa INA-Casa, na watu wakajikuta wanaishi katika vyumba ambavyo hawakuvijenga, vya vipimo ambavyo hawakuvichagua. Katika maisha ya namna hiyo rafu iliyojengewa ukutani ni mali ya ukuta. Inayosimama kwa kujibana ni mali ya mtu.

Mpangaji yeyote wa Ngarenaro au Sakina, mitaa yetu ya Arusha, anaielewa hoja hiyo bila kuelezwa. Mwenye nyumba hataki msumari ukutani kwake. Kodi ikipanda unahama, na samani ndiyo inayoamua utahama na nini. Nimeona watu wengi wenye elimu wakihama mara ya kwanza na vitabu vyote, mara ya pili na nusu, mara ya tatu na Biblia na vyeti. Siamini kwamba waliacha kupenda kusoma. Vitabu vilikosa pa kusimama kwenye chumba kipya, vikabaki ndani ya maboksi chini ya kitanda, na kitabu kilicho kwenye boksi hakuna mtoto atakayekifungua. Pwani walilimaliza jambo hili kwa njia yao: nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina zidaka, vishimo vilivyopangwa ukutani kwa chokaa, vya kuwekea vyombo na misahafu. Ni ufundi mzuri usio na mfano, lakini unamfaa mtu ambaye babu yake alizaliwa katika nyumba hiyo na mjukuu wake atafia humo. Huku kwetu Meru vitabu vilikuja na misheni na shule, vikakaa kwenye masanduku ya bati, tayari kwa safari. Kati ya kidaka na sanduku panahitajika kitu cha tatu.

Baba alipata kazi AICC, kituo cha mikutano kilichoanzishwa mwaka 1978 katika majengo yale yale ya Jumuiya, na alipostaafu mwaka 1991 akajenga Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa ya babu. Rafu ilipanda mlima juu ya pikapu, imefungwa kwa katani. Na hapo ndipo ilipokutana na tatizo ambalo Waitaliano hawakulipanga.

Dari ya ghorofa la mjini ilikuwa zege, kwa sababu juu yake kulikuwa na sakafu ya jirani. Dari ya nyumba ya kijijini ni silingi bodi iliyopigiliwa kwenye vipande vya mbao, na juu yake ni kenchi, mabati na popo. Fundi seremala aliyekuja kutoka Tengeru alisimamisha nguzo ya kwanza, akazungusha skurubu kidogo, sote tukaona bodi ikivimba kwenda juu.

“Mzee, hii rafu inataka kusukuma,” alisema. “Ikisukuma bodi, bodi itapasuka tu.”

“Basi itafutie kisichopasuka.”

Fundi alipanda darini na tochi. Alilaza boriti ya saipresi kukatisha kenchi, mahali hasa ambapo nguzo zingefika, akaifunga kwa bolti. Kisha akakata vitundu vinne kwenye bodi, kila kimoja cha ukubwa wa kikombe, ili mguu wa juu upenye na kusukuma boriti yenyewe. Dari ilikuwa juu kuliko ya mjini kwa karibu shubiri, kwa hiyo akachonga vigingi vinne vya mti wa loliondo, mgumu, mzito, vya kukalia miguu ya chini. Alitumia timazi kila nguzo, kisha pimamaji kila ubao. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu na baba hakulalamika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamsomea fundi vichwa vya habari.

Tangu siku hiyo rafu ilikuwa na matunzo yake. Kiangazi, mabati yakipata moto mchana na kupoa usiku, mbao za paa hujikunja na kujikunjua, nguzo hulegea. Baba aliigonga kila moja kwa kifundo cha kidole asubuhi, akisikiliza. Iliyolia mlio mzito aliizungusha robo. Julai 2007, ardhi ilipotikisika siku baada ya siku kutoka upande wa Gelai na Ziwa Natron, kabla mlima wa volkano Oldonyo Lengai haujalipuka, watu walitoka nje ya majengo hapa Arusha na hata Nairobi. Nyumbani kwetu vitabu vya ubao wa juu vilimwagika. Nguzo hazikusogea.

Jambo jingine tulilojifunza kwa macho ni ukungu. Julai na Agosti mawingu hushuka kwenye mteremko wa Meru na kukaa, na kila kitu ndani ya nyumba kinakuwa na unyevu. Baba mdogo, nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuwa na kabati la vioo lenye kufuli, zuri, la heshima, amepanga humo vikombe vya wageni pamoja na Biblia na vitabu vya nyimbo. Kila mwaka majalada yaliota madoa ya kijivu na kurasa zikashikana. Vya kwetu, vilivyokaa wazi, hewa inapita mbele na nyuma kwa sababu rafu haikuegemea ukuta, vilipata vumbi tu. Vumbi unalipangusa. Nayo miguu ya chuma ilimnyima mchwa njia ya kificho. Akijenga kichuguu chake juu ya chuma, unamwona na unambomolea. Ninawahurumia watu wanaofungia vitabu ndani ya kioo kwa mapenzi. Kitabu kinachotazamwa kupitia kufuli kinazoea kutazamwa.

Baba alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kilikaa chini ya uenyekiti wa baba mdogo. Shamba lilikuwa na mpango wake tangu zamani. Nyumba ni ya mama. Ilipofika kwenye rafu, wazee walitegemea iende kwa kaka yetu mkubwa, mzaliwa wa kwanza, mtumishi wa serikali Dodoma. Mama aliomba kusema.

“Hii hamwezi kumpa mmoja. Wote watatu wamejifunza kusimama kwa kuishika. Ina vyumba vitatu. Kila mtoto achukue chumba chake.”

Ikaonekana ni hukumu nyepesi. Mbao zilikuwa kumi na tano, tano kwa kila mtoto. Lakini baba mdogo, ambaye aliuza kahawa ya chama cha ushirika miaka mingi na hesabu haimpiti, aliitazama rafu kwa muda mrefu kisha akahesabu kwa vidole. Chumba kimoja kinataka nguzo mbili. Vyumba vitatu vilivyotengana vinataka nguzo sita. Hapa ziko nne.

Nilikuwa nimeishi na rafu ile zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kulitafakari hilo. Nguzo za katikati zilikuwa zinabeba pande mbili. Pini moja, iliyopenya tundu moja, ilishika ubao wa huku na ubao wa kule. Vilipokuwa pamoja, vyumba vitatu viliishi kwa nguzo nne kwa sababu viliegemeana. Ukivitenga, lazima uchonge zile ambazo ujirani ulikuwa unakuokolea.

Kwa mwalimu wa historia, na binti wa karani wa Jumuiya, haikuwezekana nisiione habari nyingine ndani ya hii. Mwaka 1977 mali za Jumuiya hazikugawanyika kwa kuchora mstari. Ndege zilizokuwa za wote zilipokosekana, kila nchi ilibidi iwe na shirika lake: Uganda ilitangulia 1976, Kenya na Tanzania zikafuata 1977. Vivyo hivyo reli, bandari, posta. Karakana zilizokuwa moja zikawa tatu, na kila moja ilitaka mameneja wake, vipuri vyake, deni lake. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alitumia miaka kuthamini na kusikiliza kabla mkataba wa mgawo haujatiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wanafunzi wangu huiandika asilimia hiyo kwenye mtihani na kupata alama. Mimi hutaka waone pia kwamba jumla ya 100 ilihesabu kilichokuwapo, na haikuhesabu nguzo mpya ambazo kila mmoja alikwenda kuzichonga nyumbani kwake kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Kwa hili nina hasira ya kweli, kwa sababu niliona ikitokea kwa watu: mafundi wa reli waliorudishwa kwao na ujuzi usio na mashine, mashine zilizobaki bila mafundi, na baba yangu akichambua mafaili ya ofisi isiyokuwapo tena.

Tulimwita fundi yule yule, sasa naye mzee. Mama alimwonyesha gogo la mringaringa ambalo baba alilikata kwa kibali, likapasuliwa mbao na kuachwa likauke chini ya upenu. Mringaringa ni mti wa kwetu, unaipa kahawa kivuli, Wameru na Wachaga wanauchongea mizinga ya nyuki. Mbao yake ni nyepesi, inakubali randa na haipindi ovyo. Fundi aliikata kwa ukucha.

“Mwalimu, hii ni laini kuliko ile ya wazungu. Pini zitakula tundu. Baada ya miaka kumi ubao utaanza kuinama.”

“Tufanyeje, fundi?”

“Tunaiongezea unene kidogo. Halafu kila tundu tunaliwekea bushi.”

Bushi ni kijibomba kifupi cha shaba kinachovaa ndani ya tundu ili pini isiguse mbao. Nilizipeleka pini mbili za zamani mtaa wa Unga Limited, kwa fundi wa kukereza chuma, akatoa bushi na pini mpya kwa kipimo hicho. Kisha fundi seremala akafanya jambo ambalo nilikaa kulitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Alilaza nguzo ya mjozi juu ya benchi, akaweka juu yake kipande cha plaiwudi, akageuza vyote na kutoboa plaiwudi kupitia matundu ya zamani, moja baada ya jingine. Plaiwudi ikawa kigezo. Akakifunga kigezo kwenye mringaringa kwa jiriwa, akatoboa hadi nusu, akageuza nguzo, akafunga tena, akatoboa kutoka upande wa pili. Matundu yalikutana katikati. Alipitisha pini, ikatoka upande wa pili bila kugongwa.

“Kwa nini usipime kwa futi tu?” kaka alimwuliza.

“Kwa futi nitakosea kidogo kila tundu, na kidogo kwa matundu ishirini na nane si kidogo tena. Mkitaka kuziunganisha siku moja zitakataana.”

Hakuna aliyekuwa amezungumzia kuunganisha. Fundi aliiweka hiyo mwenyewe, kama sehemu ya kazi nzuri, na kwangu ndiyo kazi nzuri: unapogawa, weka kipimo kilekile. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999 ilitumia miaka mingi kurudisha vipimo ambavyo zamani vilikuwa vimoja, ushuru, vyeti, utaratibu wa mpakani, kwa sababu kila nchi katikati hapo ilikuwa imetoboa kwa futi yake.

Ilibaki swali la nani apate nguzo za zamani. Nne kwa watatu: mmoja atapata mbili, wawili watapata ya zamani moja na mpya moja. Kaka alikuwa na haki ya uzaliwa wa kwanza. Mama akasema mzaliwa wa mwisho, aliyeolewa Nairobi, apewe zote mbili za mjozi.

“Ninyi mkiharibikiwa, mringaringa uko hapa. Yeye yuko mbali na mti.”

Kaka aliinamisha kichwa. “Sawa, mama.” Alikubali kweli, nguzo zake zinasimama Dodoma, moja nyeusi na moja ya rangi ya asali, na wanawe hugombania upande mweupe.

Chumba cha mdogo wangu kilivuka Namanga juu ya gari la shemeji. Kituo cha mpakani sasa ni kimoja kwa nchi zote mbili, kilizinduliwa Desemba 2018, unagongewa mihuri yote upande mmoja na kuondoka. Ofisa wa forodha aliuliza zile fito ni za nini, akaambiwa ni rafu, akataka kuoneshwa inavyosimama. Wakaieleza kwa mikono. Akacheka, akawaruhusu.

Tangu hapo nimeulizwa na majirani wa Nkoaranga na walimu wenzangu jinsi ya kuagiza kitu kama hiki. Nawaambia wasitafute mjozi wala jina la Kiitaliano. Wamwambie fundi wanataka kinachofunguka: bolti na pini mahali pa msumari na gundi. Wasinunue rafu za mbao ya unga ulioshindiliwa zinazouzwa zimefungwa kwenye karatasi ngumu. Nazo hufunguka, lakini tundu la skurubu humeguka mara ya pili ukizifungua, na mara ya tatu zinakwenda jikoni kuwa kuni, moshi wake mbaya. Wamtazame fundi anavyotoboa. Dari ikiwa ya bodi, apande juu aweke boriti. Na kigezo kibaki kwa fundi. Cha kwetu kinaning'inia karakana ya Tengeru, kimeandikwa jina la baba kwa penseli, na tayari rafu za nyumba nyingine tatu zimepimwa kwacho.

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu. Vitabu vya watoto wake vimejaa, anataka chumba cha pili, amepata fundi mzuri pale Ngong Road. Nilichora matundu juu ya karatasi ndefu kutoka kwenye kigezo, nikaikunja na kuipeleka stendi kwa basi la Nairobi. Fundi wa kule alipokwisha kuisoma akamwandalia hesabu ya nguzo mbili.

“Moja tu,” mdogo wangu alimwambia. “Nyingine ninayo.”